Nilizaliwa Taveta siku ya gulio. Je, utii wangu kwa Tanzania ni nusu?

MwanaMengwe

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa Moshi, na uzi huu utakuwa mrefu kwa sababu jambo lenyewe nimelibeba miaka mingi. Naomba mnivumilie hadi mwisho kabla ya kujibu.

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa ndizi. Jumatano na Jumamosi alishuka na mikungu kutoka Mengwe, Rombo, hadi Holili, kisha akavuka mpaka kwenda gulio la Taveta, Kenya. Wanawake wengi wa upande wetu wameishi hivyo, na wengi bado wanaishi hivyo. Mwaka 1987, mimba yangu ikiwa imepita miezi minane, uchungu ulimshika palepale sokoni. Alikuwa ameuza mikungu mitatu, miwili imebaki. Wenzake walimtandikia kanga juu ya mkokoteni wa kubebea magunia, wakamkimbiza hospitali, na mmoja akabaki kumlindia mikungu. Nikazaliwa alasiri. Kesho yake jioni tulikuwa tumesharudi Mengwe. Kitovu kilipokatika, bibi akakizika chini ya mgomba kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, hatua chache kutoka kaburi la babu, pale palipopandwa masale, mmea wetu wa heshima.

Taveta nimekaa siku moja na nusu. Mengwe na Moshi nimekaa maisha yangu yote.

Kadi ya kliniki niliyopewa kule ipo hadi leo. Mama aliitunza kwenye kopo la Kimbo pamoja na risiti za kahawa za chama cha msingi. Imekunjwa mara nne na mikunjo imeanza kutoboka, lakini neno TAVETA linasomeka vizuri kabisa. Mwaka 2016 niliipeleka kwenye ofisi moja ya serikali nilipokuwa nafuatilia nyaraka zangu. Kijana wa dirishani aliikunjua, akaweka kidole juu ya lile neno, akaniangalia. "Kwa hiyo wewe ni Mkenya?" Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wakanyamaza. Nilihisi masikio yanapata moto. Ilichukua miezi mitano, barua ya mtendaji wa kijiji, viapo viwili, vyeti vya wazazi wote wawili na safari saba, ndipo nikaandikwa: raia wa kurithi.

Sasa sikilizeni hili. Nina binamu yangu. Mama yake naye alikuwa mchuuzi, naye alizaliwa hospitali ileile ya Taveta, mwezi mmoja kabla yangu. Baba yake, alipokwenda kumwandikisha, alisema mtoto amezaliwa nyumbani. Cheti kikatoka kikisema Rombo. Yeye ni raia wa kuzaliwa. Tumenyonyeshwa kwenye kihamba kimoja, tumesoma shule moja, tumeimba Mungu Ibariki Afrika kila asubuhi tukiwa mstari mmoja. Tofauti yetu ni kwamba baba yake alidanganya na baba yangu hakudanganya.

Na tofauti hiyo ina maana kwa mujibu wa Katiba. Ibara ya 39 inasema anayetaka kuchaguliwa kuwa Rais lazima awe "raia wa kuzaliwa wa Jamhuri ya Muungano kwa mujibu wa Sheria ya Uraia", na awe ametimiza miaka 40. Makamu wa Rais naye ni hivyohivyo. Sheria ya Uraia ya 1995 imeweka mafungu matatu: uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa mgeni aliyeomba akapewa. Kifungu cha 5 ni cha waliozaliwa nchini. Kifungu cha 6 ni cha sisi tuliozaliwa nje kwa mzazi Mtanzania. Binamu yangu anaweza kugombea urais. Mimi siwezi.

Sina ndoto ya Ikulu. Ninauza pembejeo Kiborloni na maisha yanakwenda. Ninachouliza ni hiki: sharti hili linamlinda nani, na linamlinda dhidi ya nini?

Jibu ninalopewa kila mara ni utii uliogawanyika. Kwamba mtu mwenye mguu huku na mguu kule hawezi kuaminiwa na siri za nchi na majeshi yake. Njia mbili zilimshinda fisi. Nalielewa hilo, na wala silidharau. Lakini utii wangu wa pili uko wapi? Kenya haimpi mtoto uraia kwa sababu tu alizaliwa kwenye ardhi yake. Lazima baba au mama awe Mkenya. Wangu wote ni Warombo. Kenya hainijui. Sina pasi yake, sina kitambulisho chake, sikuwahi kula kiapo chake. Sharti linaloitwa la kuzuia utii wa nchi mbili limemzuia mtu ambaye hana nchi nyingine yoyote duniani.

Na geuza upande wa pili. Kifungu cha 5 ukikisoma neno kwa neno, kinamtaja kila aliyezaliwa nchini tangu Siku ya Muungano, isipokuwa mtoto wa wageni ambaye baba yake ana kinga ya kibalozi, au mtoto wa adui aliyezaliwa mahali palipotekwa vitani. Najua madirishani hawakisomi hivyo, wanataka mzazi mmoja awe raia. Lakini hata kwa usomaji huo wa madirishani, mtoto wa mzazi mmoja Mtanzania anayezaliwa Moshi, akapelekwa ng'ambo akiwa na wiki mbili, akalelewa huko na pasi ya huko hadi miaka 17, akija akaukana uraia ule wa pili anapofika miaka 18, huyo ni raia wa kuzaliwa. Mimi niliyekata majani ya ng'ombe Mengwe tangu nina miaka sita, siye.

Hapo ndipo ninapokwama. Naomba mawazo yenu, hasa wanaojua sheria na waliowahi kulitumikia taifa hili kwa sare.

Longido Kaskazini

Umenigusa mkuu. Sisi Wamasai wa huku tuna mama wadogo na wajomba upande wa Kajiado, Kenya, na ng'ombe wanafuata mvua, hawafuati nguzo za mpaka. Kiangazi mama anaweza kujifungulia boma la upande ule. Hospitali hakuna, kadi hakuna, kwa hiyo hata neno la kuwekewa kidole hakuna. Wengi tumeandikwa tumezaliwa Longido kwa sababu ndiko baba alikokuwa akilipia kodi ya kichwa. Nashukuru tu hakuna aliyeniuliza.

Sajini Mstaafu wa Monduli

Kijana wangu MwanaMengwe, nimesoma maandishi yako mara mbili. Pole kwa kidole cha yule karani. Mtu mzima hafanyiwi hivyo mbele ya watu.

Hata hivyo sikubaliani nawe, na nitakwambia kwa nini bila kukuficha.

Rais wa nchi hii ni Amiri Jeshi Mkuu. Ubunge ni kazi nzito, uwaziri ni kazi nzito, lakini Amiri Jeshi Mkuu ndiye anayesema neno moja na vijana wa watu wanakwenda kufa. Mwaka 1978 Amin alipoingia Kagera, mimi nilikuwa na miaka 22. Tulitembea kwa miguu kutoka mto ule hadi Kampala ikaanguka Aprili 1979. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza usiku kama aliyetutuma ana upande mwingine moyoni mwake. Ile imani ndiyo iliyotutembeza. Ukiruhusu shaka ndogo tu pale juu, imeshuka hadi kwa askari wa mwisho.

Ndiyo maana nasema sheria ikaze. Ikimkosa mtu mwema mmoja kama wewe, ni hasara, lakini ni hasara ndogo kuliko kumpata mbaya mmoja. Nafasi ni moja tu. Watanzania ni zaidi ya milioni 60. Hatutakosa mtu.

MwanaMengwe

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umenijibu kama mwanao.

Hofu yako ni ya zamani na ni ya kweli. Julai 1787, Wamarekani walipokuwa wanaandika Katiba yao pale Philadelphia, John Jay alimwandikia George Washington barua akimshauri kwamba ukuu wa majeshi usipewe mtu yeyote ila raia wa kuzaliwa. Hoja yake ni hiyo yako, neno kwa neno karibu: Amiri Jeshi Mkuu. Sharti likaingia: raia wa kuzaliwa, miaka 35, na makazi ya miaka 14 nchini. Lakini walijua kwamba wao wenyewe walizaliwa raia wa mfalme wa Uingereza, hivyo wakaweka mlango kwa waliokuwa raia siku Katiba inapitishwa. Bila mlango ule, Washington mwenyewe asingefaa.

Sasa turudi nyumbani, mzee. Nyerere alizaliwa 1922, Mwinyi 1925, Mkapa 1938, Kikwete 1950, Magufuli 1959, Samia 1960. Muungano ni Aprili 1964. Hadi leo hatujawahi kuwa na Rais hata mmoja aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano, kwa sababu walipozaliwa haikuwapo. Mwalimu alizaliwa Butiama chini ya utawala wa Mwingereza. Hakuna anayesema utii wake ulipungua. Tunaupima kwa alichofanya alipokuwa mtu mzima.

Na kuhusu nafasi moja na hasara ndogo: sheria hii haimpati mbaya, mzee. Mbaya wa kweli, yule anayelipwa na nchi nyingine, atakuwa na cheti safi kuliko cha kila mtu. Umpime kwa kitanda cha hospitali, atapita akicheka.

Wakili wa Themi

Nimekaa pembeni nikisoma, naomba nisogeze mambo machache kwa sababu yatasaidia pande zote.

La kwanza. Sharti la uraia wa kuzaliwa linawagusa Rais na Makamu wa Rais. Mbunge, kwa ibara ya 67, anatakiwa awe raia tu, aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na asiwe amepata kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine. Raia wa kurithi anaweza, wa tajnisi anaweza. Waziri Mkuu anatoka miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa wa majimbo, kwa hiyo naye anaweza kuwa raia wa tajnisi. Na ibara ya 37 inasema Rais asipokuwapo kazi zake zinafanywa na Makamu, na Makamu naye asipokuwapo, Waziri Mkuu. Mzee Sajini, lango lako kuu limefungwa kwa kufuli, lakini kuna mlango wa uani ambao Katiba yenyewe imeuacha wazi. Nadhani waliouacha wazi hawakukosea. Waliamini kwamba mtu aliyechaguliwa na wananchi wa jimbo, akaapa, ameshapimwa.

La pili, kwa MwanaMengwe. Usikate tamaa haraka kuhusu neno "kuzaliwa". Ni kweli Sheria ya Uraia inakutenganisha na binamu yako, na usomaji wa kawaida ndio huo ulioueleza. Ila wewe hukuuomba uraia, hukupewa na waziri, hukuapishwa. Ulikuwa raia tangu siku uliyozaliwa. Kifungu cha 6 chenyewe kinasema unakuwa raia kuanzia tarehe ya kuzaliwa kwako. Wakili mzuri angesimama mbele ya majaji na kusema kwamba huyo naye ni raia kwa kuzaliwa, tofauti na yule aliyeupata ukubwani. Marekani hoja ya namna hiyo imekuwa na nguvu. John McCain alizaliwa 1936 kwenye eneo la Mfereji wa Panama, baba yake akiwa afisa wa jeshi la majini, na mwaka 2008 Seneti ilipitisha azimio kwamba ni raia wa kuzaliwa. Ted Cruz alizaliwa Calgary, Kanada, mwaka 1970 kwa mama Mmarekani, akaukana uraia wa Kanada 2014 na kugombea uteuzi wa chama chake 2016. Wapo waliompinga, lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi za kura.

La tatu, mambo ya Obama, maana najua yanakuja. Alizaliwa Honolulu, Agosti 1961. Baba yake alikuwa wa Kenya, na Kenya ilikuwa bado koloni, kwa hiyo kupitia baba alikuwa na uraia wa himaya ya Uingereza, kisha wa Kenya baada ya Desemba 1963. Alipofika utu uzima bila kuukana wa Marekani na kula kiapo cha Kenya, ule wa Kenya ukakoma wenyewe kwa katiba ya Kenya ya wakati ule. Walikuwapo waliodai kwamba raia wa kuzaliwa lazima wazazi wote wawili wawe raia. Mahakama za kule hazikuwafuata. Tangu kesi ya Wong Kim Ark ya 1898, ya kijana aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina, msimamo umekuwa kwamba kuzaliwa kwenye ardhi ile, chini ya mamlaka ya sheria zake, kunatosha kumfanya mtoto raia.

Mjukuu wa Double Road

Nami nina la kusema kutoka mjini hapahapa Moshi.

Babu yangu mzaa baba alizaliwa Moshi miaka ya 1930. Wazazi wake walikuja kutoka Gujarat. Alikuwa fundi cherehani, duka lake lilikuwa mtaa ambao leo wengi mnapita kwenda sokoni. Uhuru ulipokuja, sheria ya uraia ya Tanganyika ilisema: uliyezaliwa nchini, na mzazi wako mmoja pia kazaliwa nchini, unakuwa raia siku hiyohiyo bila kuomba. Babu hakuwa na mzazi aliyezaliwa hapa. Yeye na wenzake walipewa miaka miwili kujiandikisha. Akajiandikisha 1962. Ndugu yake mkubwa akabaki na pasi ya Mwingereza, na baadaye akahamia Leicester. Mama mmoja, baba mmoja, nyumba moja, na kila mmoja akachagua njia yake akiwa mtu mzima.

Babu alikuwa akitusimulia mjadala wa Oktoba 1961 kwenye Bunge la Tanganyika. Baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere akasimama akakataa kwa ukali, akasema ukiruhusu rangi kuwa kipimo utaanza na hawa na utamalizia kwa wengine, na akawa tayari serikali yake ianguke kwa jambo hilo. Babu alisema siku aliyosikia habari zile ndipo alipoamua kujiandikisha. "Nilimchagua aliyenichagua." Maneno yake hayo.

Katika serikali zile za mwanzo alikuwamo Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, aliyeshika fedha za nchi miaka mingi. Alikuwamo Derek Bryceson, aliyezaliwa China, waziri na mbunge wa kuchaguliwa. Barbro Johansson alitoka Sweden akawa raia na mbunge. Nchi changa, adui kila upande, na bado waliaminiwa.

Ila nakubaliana na mzee Sajini kwa jambo moja. Babu mwenyewe hakuona ubaya kwamba yeye hawezi kuwa Rais. Alisema mgeni akipewa kigoda asitake kiti cha mwenye nyumba. Kinachoniuma mimi ni kwamba MwanaMengwe si mgeni. Ni mwenye nyumba aliyezaliwa akiwa njiani.

Sajini Mstaafu wa Monduli

Mwenye nyumba aliyezaliwa njiani. Maneno hayo nimeyashika.

Nitasema jambo nililokuwa sitaki kulisema. Kule Kagera, mwenzangu wa kushoto kwa miezi mingi alikuwa kijana wa Karagwe. Bibi yake mzaa mama alikuwa ng'ambo, upande wa Uganda, na alikuwa hai wakati tunaingia. Alikuwa anakwenda vitani kwenye ardhi ya bibi yake. Usiku mmoja nilimuuliza kama hilo linamsumbua. Akasema bibi ni bibi, nchi ni nchi, na akiokoka atakwenda kumsalimia. Alipigwa kabla ya kumsalimia. Sikuwahi kuona mtu mwenye utii uliokamilika kuliko yule, na karatasi zake sijui zilisemaje.

Na hapo Moshi, Machi 1979, ndipo Waganda wa uhamishoni walipokutana na kumchagua Yusuf Lule aongoze nchi yao baada ya Amin. Walichagua Rais wa nchi moja wakiwa kwenye ardhi ya nchi nyingine, chini ya ulinzi wetu. Nilipolifikiria baadaye nikasema, sasa huyu atamtii nani, waliomchagua au waliomhifadhi? Hakudumu hata miezi mitatu. Kwa hiyo hofu yangu siiachi. Mkono wa nchi jirani kwenye kiti cha Rais si hadithi ya kutungwa.

Nikubali hivi: kipimo cha kitanda si kipimo kizuri. Niambie basi cha kwako ni kipi. Usinipe moyo tu, nipe sharti ambalo karani anaweza kulisoma.

MwanaMengwe

Mzee, pole kwa rafiki yako. Nimekaa na maneno yako usiku mzima.

Unastahili jibu la wazi. Kwanza, awe raia tangu siku ya kuzaliwa, awe amezaliwa ndani au nje, kwa baba au mama Mtanzania. Hapo tajnisi hawamo, kama babu yake Mjukuu alivyoridhia. Pili, awe ameishi Tanzania miaka mingi akiwa mtu mzima, na miaka ya karibu na uchaguzi iwe hapa, si ng'ambo. Wamarekani wameweka 14, sisi tungeweza kuweka 15 au 20. Karani anaweza kuhesabu. Tatu, tangu afikishe miaka 18 asiwe ameomba wala kutumia uraia wa nchi nyingine. Hilo nalo linasomeka kwenye karatasi. Binamu yangu anapita, napita mimi, na yule aliyelelewa ng'ambo anapita akirudi akaishi nasi.

Wakenya wameligawanya vizuri kiasi. Katiba yao ya 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kuwa na uraia wa pili, na kwao "wa kuzaliwa" ni mwenye mzazi Mkenya, awe amezaliwa nchini au nje. Lakini ibara ya 78 inasema ofisa wa dola asiwe na uraia wa nchi mbili, isipokuwa majaji, wajumbe wa tume, na yule ambaye nchi nyingine imemfanya raia kwa sheria yake bila yeye kuwa na njia ya kujitoa. Wanauliza ulichochagua. Hawaulizi mama yako alishikwa na uchungu wapi.

Lakini ngoja niseme kinachonitisha zaidi, kwa sababu siandiki kwa ajili ya urais wangu. Sharti la kuzaliwa likiachwa kama lilivyo, linageuka kuwa panga la kisiasa. Zambia mwaka 1996 walibadilisha katiba, wakasema mgombea urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia wa kuzaliwa au wa kurithi. Kila mtu alijua anayelengwa ni Kenneth Kaunda, mtu aliyeiongoza nchi ile miaka 27, kwa kuwa wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1999 mahakama moja ikafika mahali pa kusema si raia kabisa. Baba wa taifa! Ivory Coast walifanya hivyohivyo kwa Alassane Ouattara. Sheria ya 1994 ya wazazi wote wawili, kisha akazuiwa uchaguzi wa 2000, kisha nchi ikagawanyika vitani tangu 2002. Watu waliokufa hawakuwa na habari na cheti cha mtu yeyote. Na mwaka 2025 tena huko huko, Tidjane Thiam aliukana uraia wa Ufaransa mwezi Machi, na Aprili mahakama ikamwondoa kwenye daftari la wapiga kura kwa sababu alipoupata mwaka 1987 alikuwa amepoteza wa kwao.

Hapa kwetu tusidhani tuko mbali. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia, mtu aliyekuwa mkuu wa wilaya na mbunge, pamoja na Timothy Bandora aliyekuwa balozi wetu. Nilikuwa kidato cha kwanza. Mwalimu wetu alitusomea gazeti darasani, na mimi nikawa nafikiria kopo la Kimbo la mama.

Tangu siku ile niliogopa ile kadi. Nilitamani ichomwe. Mara mbili nilimwomba mama aichome, akakataa. Alisema, "Hii ndiyo siku yako. Nikiichoma nitakuwa nimekwambia ulizaliwa kwa aibu."

Longido Kaskazini

Mama yako ni mama.

Wakili wa Themi

Sharti lako la tatu lina shimo dogo. "Kutumia" uraia wa nchi nyingine ni neno pana sana, karani mmoja ataona kitambulisho cha mfanyabiashara wa mpakani akasema umetumia. Andika "kuomba au kupokea pasi ya kusafiria au kula kiapo cha utii". Na lazima kuwe na muda wa mwisho wa kumwekea mtu pingamizi la uraia. Mtu ameshakuwa diwani, mbunge, waziri, halafu siku anaposogelea kiti kikubwa ndipo linafunguliwa faili la bibi yake. Hilo hata MwanaMengwe apewe sharti zake zote tatu, bila muda wa mwisho litaendelea.

MwanaMengwe

Nimelipokea. Muda wa mwisho nilikuwa sijaufikiria, na una uzito kuliko vyote nilivyoandika.

Mama Tarakea

Samahani wakubwa, nyie mnaongea ya Ikulu, mimi nina shida ya nyumbani. Nina mimba ya miezi minane. Hapa nilipo, hospitali ya karibu na yenye daktari wa upasuaji niliyoshauriwa ni Loitokitok, upande wa Kenya, na mtoto amekaa vibaya. Mama mkwe anasema nisivuke, nitamharibia mtoto uraia. Mimi mwenyewe nilizaliwa Loitokitok, mama yangu akiwa kibarua kwenye mashamba ya nyanya. Nimesoma uzi wote nimeogopa. Kaka MwanaMengwe, nifanyeje?

MwanaMengwe

Dada yangu, usiogope. Nijibu kwanza hili: baba wa mtoto alizaliwa wapi?

Mama Tarakea

Kibosho. Cheti chake anacho.

MwanaMengwe

Basi sikiliza. Wewe na mimi ni raia wa kurithi, na sisi hatuwezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje. Kifungu cha 6 kinamtaka mzazi ambaye uraia wake haukuja kwa kurithi. Ndiyo maana mke wangu alipokuwa na mimba ya binti yetu sikumruhusu hata kwenda harusini Voi, ingawa yeye kazaliwa Machame na tungekuwa salama. Woga tu. Lakini mume wako ni raia wa kuzaliwa, kwa hiyo mtoto wako akizaliwa Loitokitok ni raia wa Tanzania kupitia baba yake tangu siku hiyo. Hautamharibia uraia. Atakachokosa ni hicho kiti kimoja tunachobishania hapa, na kama sisi hataweza kumrithisha mtoto wake atakayezaliwa nje, na sheria inaweza kuwa imebadilika kabla hajafika miaka 40.

Nenda alipo daktari. Mume aende na nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha ndoa. Kabla hamjatoka hospitali dai ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, hakikisha majina ya wazazi wote wawili yameandikwa sawasawa na vitambulisho, herufi kwa herufi, kisha ufuatilie cheti cha Kenya. Mkirudi pelekeni vyote uhamiaji mtoto akiwa bado mdogo, msisubiri akue. Na mtu yeyote akikwambia mwandikishe kwamba kazaliwa nyumbani, kataa.

Kadi usiikunje. Tafuta bahasha ngumu.

Mama Tarakea

Asante kaka. Tunavuka Alhamisi asubuhi.

Sajini Mstaafu wa Monduli

Mungu akutangulie binti. Ukishajifungua rudi hapa utuambie jina.